Chupa Iliyopewa Shikamoo

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi stendi ya mabasi hapa Mwanza, dada mmoja alileta chupa za maji ya kisima cha huko Kisesa, zimejazwa hadi mdomoni.

"Unapeleka maji Dar?" mpokea mizigo akashangaa. "Kwao yamekwisha?"

"Yanakwenda maabara, kupimwa umri."

Akaeleza kwamba kwenye maji kuna chembe zinazopungua taratibu tangu mvua inyeshe. Ukizipima, unajua yamekaa ardhini muda gani. "Haya yanaweza kuwa mvua ya mwaka juzi, au ya kabla ya babu wa babu yako."

Jamaa akaishika chupa kwa mikono miwili, akainama. "Shikamoo."

Foleni nzima tukacheka. Malezi ni malezi, hata kama mkubwa mwenyewe yuko kwenye chupa. Mama mmoja tu, aliyekuja kuchukua mzigo wake, hakucheka.

"Mimi ni wa huko Kisesa, maji ya kisima hicho ndiyo tunayokunywa. Yakiwa ya zamani kuna ubaya?"

"Huenda mvua za siku hizi hazifiki kule chini, mama. Mnachota akiba."

Mama akaigeukia ile chupa.

"Basi naomba yawe machanga," akasema. "Yaniamkie mimi."