Neno la Kijiti

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, na juu yake harufu ya rangi nyekundu: mpaka leo nikiisikia, nageuka kutazama mto. Ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu, Kisangani, karibu na pale mitumbwi inapopakia, mahali tunapopaita biche. Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesoma miaka mitatu tu na kutolewa shule, na sioni aibu kusema hivyo. Nimejenga nyumba mbili kwa mikono hii, na wenye diploma wananiletea injini zao. Lakini nitasimulia msimu mmoja wa mvua ambao sina cha kujisifia.

Papa hakujua Kiingereza. Zamani alimfanyia kazi Mwingereza mmoja wa misheni, mtu mwenye boti, na kwake akaokota maneno matatu ambayo aliyahifadhi kwenye kipande cha ubao. REPAIRED lilikuwa la chini: injini imetengenezwa, inatembea, lakini usiende nayo mbali. REBUILT lilikuwa la katikati: imefunguliwa yote na kufungwa upya, fika nayo Isangi. La juu lilikuwa IMPROVED. Maana yake Papa ameifanya bora kuliko ilivyotoka kiwandani, unaweza kushuka nayo mpaka Basoko huku umesinzia. Kwa nini Kiingereza? Kwa sababu Kifaransa kilikuwa cha ofisini, na kila mtu alikuwa ameshadanganywa kwa Kifaransa. Kiingereza hakikuwa cha mtu yeyote pale mjini. Kila injini iliyotoka kwetu ilipakwa neno lake kwenye kofia, lile bati linaloifunika, na mwandishi nilikuwa mimi, maana mkono wangu haukutetemeka. Akina mama wafanyabiashara wengi hawakujua kusoma, lakini kabla ya kupakia mizigo waliinama nyuma ya mtumbwi kuangalia. Neno la juu walilitambua kwa herufi yake ya kwanza, iliyosimama wima peke yake. Waliliita neno la kijiti. Mtumbwi wenye kijiti ulijaa kabla ya mingine yote.

Msimu huo Asumani, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, mwenye mtumbwi mkubwa wa abiria, alileta injini ambayo pampu yake ya maji, ile ya kuipoza, ilikuwa imekufa. Kipuri hakikupatikana popote. Papa akakata mpira kutoka tyubu ya lori, akauchonga, akautia ndani. Kabla ya kwenda mazishini Bengamisa aliniambia: "Hii andika la chini. Mupira ya lori haivumilie moto. Saa mbili, tatu, basi." Nilielewa vizuri. Sisemi sikuelewa.

Tonton Asumani alikuja kuichukua nikiwa na brashi mkononi. Hakunibembeleza. Alicheka tu. "Bon, mama kidogo, andika kale kadogo kako. Lile la kijiti iko la papa yako mwenyewe. Mukono yako haiyafika pale."

"Mukono yangu inaandika yote, Tonton."

"Eh! Ya kusema tu. Miye siyaona."

Nikaliandika. Herufi zilikaa sawa kama zimepigwa kwa mashine. Akaacha kucheka, akaitazama kofia kidogo, kisha akaibeba injini begani na kuondoka haraka, rangi haijakauka. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomaliza kunawa mikono.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa akiuza sabuni na chumvi huko Basoko, kwao alikozaliwa, na kurudi na samaki wa moshi. "Asumani iko na kijiti sasa," alisema. "Naenda naye. Kazi ya papa yako ile." Nilimbebea beseni mpaka biche. Aliinama, akaliona neno, akaligonga kwa kidole, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. Nilikuwa na mdomo na ulimi ndani yake, na sikusema. Niliogopa mkanda wa Papa kuliko nilivyoogopa mto. Huo ndio ukweli, na miaka haijaulainisha.

Papa alirudi mchana. Aliuliza iko wapi mashini ya Asumani, nikasema imeenda. Aliuliza niliandika lipi, nikasema la kijiti. Aliuliza Mama yuko wapi, nikaonyesha mto. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye udongo, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini mbele ya watu, halafu akasimama, akachukua mfuko wa vyombo vyake na kwenda kukodi wapiga makasia Wagenia, wavuvi wa mto wetu, wamfuate Mama. Hakuniaga.

Siku tano. Nilijifunza sauti ya kila injini ya mto ule, kwa sababu kila iliyosikika kwa mbali nilikimbilia biche. Kila gunia lililoelea nililiona kuwa kitenge cha Mama. Majirani waliniambia nipumzike, wakidhani ni mapenzi tu ya mtoto kwa mama yake, na wema wao ulinichoma zaidi.

Siku ya tano Mama, Papa na abiria waliletwa na mtumbwi wa watu wengine. Injini ilikuwa imeungua kabla ya kufika Isangi, mkondo ukawapeleka kwenye gogo, mtumbwi ukapinduka karibu na kisiwa. Abiria wote waliokolewa. Mizigo yote ilipotea. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa kitambaa kifuani, na tangu siku hiyo haukunyooka tena. Hapo biche, mbele ya akina mama wote, Papa alichukua msasa akalifuta lile neno kwenye kofia ya injini iliyoopolewa mtoni, mpaka bati likang'aa.

"Nani aliandika?" mmoja aliuliza.

"Mukono ya nyumba yangu," Papa alijibu, na hakutaja jina.

Basi, maneno yalikufa siku ile. Mtu akija alisema, "Papa, fungua tuone," na Papa alifungua injini juani mbele yao, moja baada ya nyingine, mpaka uzee. Mama hakuniuliza kitu. Alinipa tu kufua nguo zake, maana hakuweza tena kuzikamua.

Siku hizi Kiingereza kimejaa mjini, kwenye pikipiki, kwenye vibanda vya simu. Simu yangu kila mara inanitangazia kwamba imeboreshwa, na mimi naiona ni ileile. Mjukuu wangu, binti mwenye diploma, anataka kuandika "upgrade" juu ya mlango wa karakana yangu, eti wateja wataongezeka. Nimemkatalia. Nimemwambia kwangu hakuandikwi kitu. Injini nikiitengeneza, safari yake ya kwanza napanda mwenyewe, magoti yakiuma au yasiume, na kukaa nyuma kabisa, sikio karibu nayo. Juma lililopita dada mmoja wa Basoko, mtoto mgongoni, alisimama ukingoni akinitazama nilivyokaa mtumbwini.

"Mama mukubwa, mbona unashika ubao hivyo? Unaogopa?"

"Naogopa, ee. Panda, twende."

Akapanda.