Picha Zilizobaki Makambako

Jumatatu saa nne asubuhi, tovuti ya mfanyabiashara mmoja wa mbao ilifunguka Dar es Salaam ikiwa na maandishi, bila picha hata moja. Mnunuzi wa huko alipiga simu kusema anaamua mchana.

Mzee mwenye mbao alikuwa amemsimamia fundi aliyemtengenezea tovuti hiyo, kwenye kafe ya intaneti Makambako, kofia mkononi.

"Picha zipo, Mzee. Hizi hapa."

"Hapa naziona mimi. Nitajiuzia mwenyewe?"

Fundi akakiri. Tovuti aliijaribia kwenye kompyuta ile, akapeleka maandishi mtandaoni, picha akaziacha humo. Laini ya intaneti ilikuwa moja, nasi wateja tumejaa. Tungeendelea sote, picha zingefika jioni.

Mama mmoja wa kijiji cha Yakobi, aliyekuwa akimwandikia bintiye, akaondoa vidole kwenye kibodi. "Tupumzike kwanza, baba apeleke mbao zake."

"Mikono juu!" akadakia dereva wa lori. "Leo tumekamatwa."

Tukacheka, tukainua mikono. Makala yangu ilichelewa kumfikia mhariri, na safari hii nilikuwa na sababu ya kweli. Mzee alipita akitushika mkono mmoja mmoja. "Asanteni, wanangu."

Kabla ya adhuhuri simu ililia. Mnunuzi alisema anaziona mbao zote, lori lipakiwe.