Mazoezi ya Simba Ndani ya Gari la Mikate

Seremala aliyehamia mkabala na kibanda changu cha cherehani hapa Nyahanga hupasua mkaratusi mbichi karibu kila siku. Harufu yake mnaijua, ni kama dawa ya mafua iliyonyeshewa mvua. Wateja wangu wanaisifu kwamba inafungua kifua. Mimi inanifunga. Mguu unaacha kukanyaga cherehani, sindano inasimama katikati ya pindo, na ninakuwa tena mtoto wa miaka minane, nimelala chali gizani saa nane mchana, nasikiliza mti.

Wakati huo tuliishi Kharumwa. Baba yangu alikuwa fundi wa matimba, yaani zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, ili udongo usiwafunike wachimbaji. Mama aliuza chai na maandazi hapo hapo machimboni, na likizo ikifika mimi nilikuwa mbeba vikombe wake. Kwa hiyo sheria ya matimba niliijua kabla ya jedwali la kuzidisha, ambalo, niseme ukweli, mpaka leo tunaviziana. Sheria ilikuwa hivi: fundi akishamaliza kufunga miti yake anashuka peke yake na kikombe cha chai ya moto. Anakaa chini ya kazi yake mwenyewe, anakunywa taratibu mpaka mwisho, anapanda juu, anakifudikiza kikombe pale mdomoni pa duara. Hapo ndipo wengine wanashuka. Fundi asipokunywa, hashuki mtu, hata kama huko chini dhahabu inawaita kwa majina.

Na kulikuwa na neno moja ambalo baba alinifundisha kama wengine wanavyofundishwa sala: "Mti ukilia, toka. Usiulize, usibebe kitu."

Masika moja alishuka kukagua miti ya fundi mwingine, na duara likamfunika. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka kesho yake mchana. Walipomtoa alikuwa na udongo mpaka ndani ya masikio. Watu waliokuja kumpa pole walipomuuliza ilikuwaje, alisema, "Nilipumzika kidogo," kisha akageukia ukutani. Machimboni hakurudi tena. Akawa anatengeneza vigoda na vitanda nyumbani, na maneno yake yakapungua kama maji ya kisima cha kiangazi.

Ndipo jioni moja, tukiwa tunakula ugali, akasema, "Tutasafiri. Wote. Tutazunguka mbuga za wanyama kwa gari la kulala humo humo, kama Wazungu."

Mama akamega tonge, akalichovya. "Gari la nani?"

"Letu."

"Tunalo?"

"Bado."

Nilifurahi mpaka nikapaliwa. Mimi ni mtu wa ndoto, ndivyo nilivyoumbwa, na usiku huo nilishamwona twiga akinywa chai dirishani kwetu. Kila jioni baba alifungua atlasi yangu ya shule na kupitisha penseli: kivuko cha Busisi, Mwanza, Magu, Lamadi, lango la Ndabaka, Serengeti yote, halafu Manyara, halafu Tarangire, na kurudi kwa njia ya Singida. Jambo moja lilinishangaza. Penseli ilikwenda bila kusita, kama mkono ulikwisha kupita hapo mara nyingi.

Ng'ombe wawili wa urithi wakaondoka, likaja gari kuukuu la kusambazia mikate kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa Shinyanga mjini. Mzee yule alimwambia baba, "Fundi, hili limeshachoka kubeba mikate, wewe unataka libebe watoto?" Bibi yangu naye hakumficha kitu. Alilizunguka mara moja, akasema, "Ng'ombe anazaa. Hili linazaa nini?" Lilikuwa sanduku la bati tupu. Nyuma halikuwa na dirisha hata moja.

Sasa hapa ndipo hofu yangu ilipoingilia. Baba alijua namna moja tu ya kujenga kitu ndani ya kitu. Akaleta mikaratusi mibichi, akasimamisha nguzo nne, akapitisha boriti juu, akagongelea kabari pembeni, ta, ta, ta, sauti ile ile niliyoisikia ikitoka chini ya ardhi. Vitanda vikaning'inia kwenye nguzo hizo. Jirani yetu Baba Shija, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, alichungulia mlangoni na kipande cha muwa mkononi.

"Baba Kabula," akasema, "hili ni gari au ni duara lenye matairi?"

Watu wakacheka. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, maana alikuwa amelisema nililokuwa naliona.

Likaja suala la mazoezi. Baba alisema huko hifadhini mtu hafungui mlango ovyo, lazima tuzoee. Basi kila siku saa nane mchana mama, mimi na mdogo wangu Masanja tulipanda, kila mtu kwenye kitanda chake, mlango ukafungwa kwa nje. Baba ndiye alikuwa simba. Alizunguka gari akikwaruza bati kwa kucha na kunguruma, na Masanja alicheka mpaka kwikwi. "Simba, njoo ule ugali," alikuwa akiita. Mama alijipepea kwa upande wa kanga na kusema simba huyu naye anachelewa kushiba.

Mimi sikucheka. Bati lilipopata moto, miti ilianza. Kii. Kimya. Kii tena, halafu ta, kama kidole kinachovunjwa. Leo seremala wangu ananiambia mkaratusi mbichi ukipigwa na joto lazima ulalamike. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mti ukilia unatoka, na mlango ulikuwa umefungwa. Jasho lilinitiririka masikioni, nikadhani ni udongo. Nilihesabu hatua kutoka kitandani kwangu mpaka kwa Masanja, maana niliapa sitamwacha, kisha nikaogopa kwamba siku ikifika nitamwacha.

Siku ya nne, nikiwa nimekodolea macho ile boriti, wazo likanijia na kunikalia kifuani. Kikombe kiko wapi? Baba alikuwa amejenga, amefunga, amegonga kabari zote akiwa amesimama nje na kuinamisha kichwa tu ndani. Hakuwahi kukaa chini ya miti ile. Kila siku yeye ni simba. Kila siku yuko nje.

Siku ya tano sikupanda.

"Kabula, panda," mama akasema.

"Sipandi."

"Unataka nije hapo?"

"Baba hajanywa chai."

Baba Shija, aliyekuwa amekuja kutazama mchezo, akaacha kutafuna. Mama alinitazama mimi, akamtazama baba, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa amekwisha kuona. Hakunigombeza. Akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili.

Baba alikishika. "Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "umesema kweli."

Akapanda. Mlango tuliuacha nusu wazi. Nilimwona akikaa, mgongo kwenye nguzo, halafu nikasikia kikombe kikigongana na bati, tik tik tik, kwa kasi, kama kuku anayedonoa. Mti ukalia mara moja tu, kidogo. Baba akatoka kinyumenyume. Chai yote ilikuwa kifuani kwake na hakuonekana kuisikia ilivyo moto. Akakaa chini uani, akashika ardhi kwa viganja vyote viwili, midomo imekuwa ya majivu, na kifua kinapanda bila kushuka.

Kwa akili yangu ya utoto niliona yote mawili kwa pamoja: kwamba fundi anajua miti yake itaanguka, na kwamba mimi ndiye niliyemtuma chini yake. Nililia nikiomba msamaha, na sijui nilikuwa namwomba nani. Baba Shija aliondoka polepole.

Mama aliingia ndani ya nyumba, akatoka na mtaimbo, akauweka miguuni pa baba. "Ng'oa," akasema.

"Vitanda vitakaa juu ya nini?"

"Tutalala sakafuni. Ng'oa miti yote, kisha utoboe madirisha."

"Na simba?"

"Atuone. Si ndicho tunachokwenda kumfanyia yeye?"

Baba akang'oa. Mtu wa kuchomelea akamsaidia kukata bati pande zote mbili, mpaka gari likawa na madirisha mengi kuliko nyumba yetu. Mwezi wa sita tukaondoka. Twiga tuliwaona, na hawanywi chai. Baba aliendesha njia nzima na kioo chini, hata kwenye vumbi la kutuondoa macho.

Kwa miaka mingi nilibaki na aibu kwamba nilimvua baba nguo mbele ya jirani. Mwaka jana nilikuwa nampima mama gauni la kitenge, nikamwambia. Alikuwa ameinua mikono, utepe wangu uko kiunoni mwake. Akanieleza kwamba safari ile baba aliipanga kule chini, duara lilipomfunika. Hakuweza kusogeza mkono wala mguu, na aliogopa kusinzia, basi akawa anatusafirisha. Busisi, Mwanza, Magu, Lamadi. Akifika Ndabaka anaanza tena Kharumwa. Alitupanga hata pa kukaa: Kabula pembeni kwa sababu anauliza kila kitu, Masanja katikati asianguke, mama mbele na chupa ya chai.

"Nilimuuliza alipotoka hospitali," mama akasema. "Na wewe, Baba Kabula, ulikuwa umekaa wapi?"

"Akasemaje?"

"Akasema gari lilikuwa limejaa."