Kigodoro cha Nyuma

Miaka ya vita, treni ilipoacha kuja, nilibeba abiria kwa baiskeli, ile tunayoita toleka, kutoka Kindu mpaka Kalima. Baiskeli ile bado iko. Jumapili niliingia nayo mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio. Kigodoro cha abiria sikukitoa. Marehemu mke wangu njo alikishona.

Mtoni nilitoka wa tatu! Nikapanda baiskeli; kufika mtaa wa Mikelenge, mama mmoja akapiga makofi: "Toleka! Soko!" Miguu ikasimama yenyewe, akapanda. Tukakumbushana njia ya matope, chumvi, watu wetu wa zamani. Barabarani walishangilia sana. Mimi mjinga nikawapungia mkono.

Pa kuachia baiskeli, mwamuzi akaniuliza: "Papa, huyu ni nani?"

Kabla sijageuka, mama akalalamika: "Papa, mimi nilisema soko!"