Nesi Anayepasha Mikono

Kabla ya kumgusa mwanamke yeyote, nesi wa kliniki yetu ya uzazi hapa Kitale hupasha mikono joto kwenye kikombe cha chai. Hudunga sindano ya kukuza mayai, kisha hukandamiza pamba. Mimi huandika faili mezani pembeni. Juzi Fridah wa Bokoli, ambaye matibabu yamemgomea mara mbili, aliniambia nifunge faili yake, hiyo ndiyo sindano ya mwisho. Kisha akaketi akicheka, hata sindano ilipoingia.

“Unacheka nini, dadangu?” nesi aliuliza.

“Mama mkwe amesema nikae na furaha. Ati huzuni ndiyo inafukuza mtoto.”

“Mayai yako hayajui kama umelia. Nimeona wenye kucheka wakizaa, na wenye kulia wakizaa. Wenye wananishinda ni wale wanaacha kuja.”

Fridah akalia kwa sauti, muda mrefu. Nesi hakuondoa kidole kwenye pamba.

“Kesho nikuje saa ngapi?” Fridah aliuliza hatimaye.

“Saa mbili. Na hiyo kicheko ya mama mkwe uache nyumbani.”

Nilifungua tena faili yake, nikaandika saa mbili.