Mafuta ya Sitini

Madereva wenzake wanamwita Sitini, na simlaumu aliyempa jina hilo. Kaka yangu anaendesha malori tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi, na mshale wa mwendo sijauona ukivuka sitini hata siku moja. Ukipanda naye, mabasi yanawapita, pikipiki zinawapita, na trekta nalo linaanza kuwaza. Mimi nina haraka zangu tangu tumboni. Nikikaa kwenye kiti chake cha abiria naumwa mpaka meno.

Ana hesabu yake, na ukimgusa hapo atakueleza mpaka uombe maji. Tajiri wake humpa pesa ya mafuta ya safari nzima. Inayobaki ni ya dereva, ndiyo makubaliano yao. Ukikanyaga tisini, anasema, unafika mapema kwa saa mbili lakini umechoma dumu zima la dizeli. Kwa hiyo yeye hujaza mafuta ya mwendo wa sitini tu, na pesa inayobaki anaichukua. "Saa mbili nitazifanyia nini?" ndilo swali lake la siku zote, na mke wake alipofariki hakukuwa tena na mtu wa kumjibu.

Binti yao, mtoto wa pekee, nilimlea mimi. Siwezi kusema kaka alimtupa. Ada, sare, viatu, vyote vilitoka kwenye yale madumu. Ila mwenyewe alikuwa barabarani. Siku za kurudi kwake mtoto alikaa mlangoni na gauni lake zuri mpaka usingizi ukambeba. Lori likifika namkuta kaka amesimama kando ya kitanda, kofia mkononi, ananiambia nisimwamshe. Siku moja, bado mdogo tu, yule mtoto akaniuliza: "Shangazi, saa mbili za Baba ni lita ngapi?" Nilijifanya naonja mboga.

Mwaka huu yule mtoto, sasa msichana mkubwa, amepata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitano, akaja kuaga. Kaka alipaswa awe amesharudi, lakini huko alikokwenda kupakia saruji mashine ziliharibika, akalala kwenye foleni. Tukawa tunamsubiri nyumbani kwake, maana ufunguo ninao mimi. Nyumba ile inanitia huzuni, nisiseme uongo. Kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja kimesogezwa dirishani. Vingine vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine kwenye kona, vumbi tupu. Msichana aliviteremsha, akavifuta, akavipanga kuzunguka meza. Akaosha na kile kikombe, na kilikuwa safi.

Asubuhi ya safari kaka akanipigia. Amepakia, anaondoka sasa hivi. "Mwambie anisubiri," akasema. "Leo nakanyaga." Nilidhani nimesikia vibaya.

Basi la msichana la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa la alasiri. Tulifika stendi mapema, simu ya kaka haipokelewi, msichana macho yake langoni. Wakaanza kupakia mizigo. Hapo ndipo simu ikaita.

Dizeli imeisha. Sitini, mtu ambaye hajawahi kuishiwa mafuta tangu apate leseni, amekwama kando ya barabara ng'ambo ya daraja, si mbali na mji. Alikuwa amekimbia tisini njia nzima, na kwa mazoea alikuwa amejaza mafuta ya sitini. Hasira zikanipanda, nikataka kumpasha, ila nikasikia anavyopumua kwenye simu. Alikuwa analia, mzee mzima.

"Asiponiona leo," akasema, "sijui kama atanikuta akirudi."

Basi lile lilikuwa linapita daraja hilohilo. Nikamwomba dereva asimame pale kidogo. Akasema yeye hasimami kwa ajili ya maongezi, anasimama abiria akishuka. Haya. Nikakata tiketi. Nikavuka barabara mpaka kituo cha mafuta, nikanunua dumu la dizeli, nikarudi nalo. Kondakta akasema halipandi. Nikamwambia kama halipandi anibebe mimi na dumu langu mgongoni mpaka darajani. Likapanda, likakaa miguuni pangu, na abiria wakanisema kwa harufu njia nzima.

Lori tuliliona kwa mbali. Kaka amesimama mbele yake, kofia mkononi, shati limemganda mwilini. Basi likasimama, dereva akanihimiza nishuke upesi, ana muda wake. Msichana alikuwa ameshanitangulia, ameruka chini.

Basi mimi, mwenye haraka tangu tumboni, nikaanza kushuka. Kwanza mguu ulikuwa umekufa ganzi. Kisha kiatu kikapotea chini ya kiti, na aliyekisukuma huko ni mimi mwenyewe. Dumu nalo likakwama kati ya viti. Kondakta analivuta huku, nami nalivuta kule. Nilisemwa mimi na ukoo wangu wote. Dirishani niliwaona wamesimama tu, wameshikana mikono. Nilikuwa ngazi ya chini nilipomsikia msichana.

"Baba, ulikimbia?"

"Nilikimbia, mwanangu."

Hayo tu. Akaegemeza paji la uso kifuani kwake, akakaa hapo, honi inalia na kulia, mpaka dumu langu likakosa pa kukwama.

Basi lilipoondoka na msichana, kaka alilitazama mpaka likaishia kwenye kona, na aliendelea kutazama hiyo kona. Baadaye akamimina dizeli, akatoa hewa kwenye mabomba, mikono ikifanya kazi yake yenyewe. Injini ikashika. Tukaondoka, na safari hii hata sitini hakufika. Mshale ulikaa kwenye arobaini. Nilivumilia, nikashindwa. Nikamwambia, kaka, kanyaga kidogo basi, jua linazama.

"Tunawahi nini, mdogo wangu?" akaniuliza.

Hakuwa ananitania, alitaka kujua kweli. Nikavikumbuka vile viti vinne tulivyoviacha vimezunguka meza, vimefutwa vumbi, nikaacha kuutazama ule mshale.