Mianzi Mitatu ya Mjomba

Sikio la kushoto la mjomba wangu lilikufa kabla sijamaliza shule. La kulia ndilo linalofanya kazi ya yote mawili. Kwa sikio hilo anawasikia nguruwe pori wakivunja matawi ukingoni mwa shamba la parachichi analolilinda kwa bunduki huko Kitandililo, na kwa sikio hilo hilo, kila Jumamosi, anaisikia sauti ya tatu inavyoteleza katika kwaya anayoifundisha kigangoni. Kazi ya kwanza inaiua ya pili. Daktari wa hospitali ya misheni upande wa Njombe alichungulia ndani ya sikio hilo, akazima kitochi, akamwambia achague: bunduki au kwaya.

Mjomba alitoka akicheka. Alisema daktari huyo anadhani nguruwe huenda likizo. Mimi niliyempeleka sikucheka. Njiani nilimwita mara mbili kutoka kushoto kwake, nikaona mgongo wake ukizidi kwenda mbele, ndipo nikakumbuka kuhamia kulia.

Meneja wa shamba alitafuta njia ya tatu: bunduki mpya ya kuwindia, yenye kiwambo cha kupunguza sauti, kwa kibali maalumu cha polisi. Vizibo vya masikioni mjomba alikwisha kuvikataa. Akiziba sikio, atamjua nguruwe kwa kumnusa? Ilibaki fomu moja, na ndani yake nafasi moja tupu: urefu wa mtutu. Muuzaji alikuwa na wa inchi kumi na sita, wa ishirini na wa ishirini na nne. Namba ikishaandikwa imeandikwa, na bunduki lazima ifanane nayo. Mtutu si sketi, useme ukiuona mrefu utaupunguza. Mtutu uliokatwa ni silaha ya jambazi, na mwenye nayo huenda jela.

Kwa kuwa naandika riwaya, ukoo wetu unaamini kila fomu ni yangu.

Nilimpigia simu muuzaji, aliyekuwa Dar es Salaam. Alinieleza kwa subira kwamba kiwambo hufungwa kwenye ncha ya mtutu na kuongeza kama shubiri moja. Ukichukua mtutu mrefu, unabeba mti. Ukichukua mfupi, unazunguka nao kirahisi vichakani, lakini baruti inatoka kabla haijamaliza kuungua, kishindo kinakuwa kikubwa zaidi, na kiwambo kinapewa mzigo mzito. Kiwambo hakifanyi bunduki kuwa bubu, dada, aliniambia. Kinapunguza tu. Usiku huo sikusoma wala kuandika. Nilihesabu inchi, na kila mara niliishia kwenye ishirini.

Mjomba hakutaka kusikia habari za baruti. Kabla ya ulinzi alipasua mbao na kuunda meza kwa miaka mingi, na kitu ambacho hakijapita mikononi mwake hakiamini. Alikwenda kwenye mianzi yake ya kugema pombe ya ulanzi, akakata vipande vitatu kwa vipimo vya ile mitutu, akafunga gunzi la mahindi kwenye ncha ya kila kimoja liwe ndilo kiwambo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya misindano, ile misonobari inayopakana na shamba, nilimfuata akiinama na kuvizia na kipande cha mwanzi begani, mtu mzima mwenye sweta mbili. Kisha akapanda dungu, lile jukwaa la miti analokaa kulinda. Mwanzi mrefu uligonga nguzo kila alipogeuka. Wa kati uligonga mara moja, akautupa chini. Mfupi ulizunguka kama kijiko kwenye kikombe.

"Huu," alisema. "Andika kumi na sita."

"Mjomba, huo ndio wenye kelele."

"Wewe unaandika watu wa kubuni. Ukikosea, unafuta. Mimi nguruwe akinigeukia, nitafuta nini?"

Nilikwenda Makambako kuchapisha fomu, na mwanzi mfupi nikiwa nao mkononi, kwa sababu alinilazimisha niubebe nisije nikasahau. Pale njia panda malori yalikuwa yanageuza, na kila moja lililopiga honi lilinifanya niliwazie lile sikio. Niliiona Jumamosi moja isiyo mbali: mjomba ameinua mikono, kwaya imepotea, naye anatabasamu kwa sababu hajui.

Jirani na steshenari palikuwa na duka la mbao. Mwenye duka, mzee wa kofia na kanzu, aliniuliza kama ninauza mwanzi au ninachapia watu. Nilipomweleza kwamba hicho ni kipimo cha inchi kumi na sita, alivuta futi yake bila kuombwa, akapima bila gunzi. Akapima tena.

"Ishirini," alisema. "Aliyekata ni fundi mbao, au nakosea?"

Nilimwambia hakosei.

"Basi ndiyo hivyo. Sisi hatukati kamili, dada. Tunaongeza mbili za msumeno na randa, tunaongeza mbili za ulimi."

Ulimi ni ile ncha ya ubao inayozama kwenye tundu la ubao mwingine. Mkono wa mjomba ulijua kwamba mtutu utaingia kwenye kiwambo, ukauongezea ulimi kama unavyouongezea mguu wa meza. Kwa hiyo ule mwanzi aliouita wa ishirini ulikuwa ishirini na nne. Uliopendwa na bega lake ulikuwa ishirini.

Nilimpigia simu. Malori yalikuwa yananguruma, na sikio lake moja halipatani na simu. Kila nilichouliza alijibu ndiyo, ndiyo, kumi na sita. Simu ikakatika. Nilisimama na fomu, nikijiuliza kama ninaufuata mwanzi au ninajifuata mwenyewe, maana ishirini ndiyo namba niliyoitaka tangu mwanzo. Kisha nikaiandika.

Sikumwambia. Miezi ya kusubiri kibali niliihesabu kwa Jumamosi, nimekaa benchi la nyuma kigangoni, nikimtazama kama atainua kichwa sauti ya tatu ikiteleza. Aliinua. Kila mara nilishukuru, na kila mara niliogopa wiki inayofuata.

Bunduki ilipofika aliipandisha dunguni, akaigeuza kulia na kushoto. Haikugonga nguzo. Akaingiza mkono kwenye koti alimoweka futi yake ya zamani, nami nikashindwa kuvumilia.

"Ni ishirini, Mjomba. Hata ule mwanzi ulikuwa ishirini. Uliongeza za msumeno na za ulimi."

Futi ikarudi mfukoni.

"Randa miaka yote hiyo," alisema taratibu, "na bado nairandia hata bunduki."

Alilenga kibao alichokiegemeza kwenye kichuguu, akafyatua. Kilisikika kishindo kama ubao mpana uliodondoka chali uwanjani, basi. Kwa bunduki ya zamani, baada ya risasi moja, nililazimika kumwongelesha kwa mikono hadi jua lipande. Nikasogea kulia kwake, nikamsalimia kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kamwene."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama misindano. Nikarudia.

"Nimekusikia mara ya kwanza," alinong'ona. "Nyamaza. Kuna kitu kinavunja matawi."